Tola Kumi za Dubai: Dhahabu, Bahari na Sheria za Bara Hindi



Wengi wetu tunaoishi huku Uingereza, tunapokwenda nyumbani Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, hupitia Dubai. Ndege hututua pale kwa saa kadhaa, na mwenye nafasi hulala siku moja au mbili. Aghalabu mapumziko hayo hayamaliziki bila ya kufika soko la dhahabu, hasa ikiwa nyumbani kuna harusi inayongojewa. Tunafika, tunauliza bei, tunapimiwa, tunalipa, kisha tunaondoka. Ni wachache wanaosimama wakajiuliza ni kwa nini soko kubwa kiasi hiki limeota katika mji usio na mgodi hata mmoja wa dhahabu.

Sehemu kubwa ya jibu la swali hilo haiko Dubai. Iko ng'ambo ya bahari, katika sheria zilizotungwa New Delhi ili kuwazuia raia wa India wasinunue, wasiweke wala wasiingize dhahabu. Kwa kuwa nimejaaliwa kuiona miji miwili iliyohusika zaidi na jambo hili, Dubai na Bombay, napenda niwatembeze humo kwa kalamu. Jambo lenyewe si la historia tu. Linatuhusu sisi tunaobeba bangili na mikufu kutoka nchi moja kwenda nyingine, na kila nchi ina sheria yake.

Hori na soko

Mji wa Dubai umekatwa na hori la maji ya chumvi linaloingia ndani ya nchi kavu. Upande mmoja ni Bur Dubai, na upande wa pili ni Deira. Watu huvuka kwa mashua ndogo ziitwazo abra, ambazo nauli yake ni dirham moja. Abiria hukaa mgongo kwa mgongo juu ya ubao wa katikati, na kwa dakika chache unapata upepo wa bahari ambao huwezi kuupata ndani ya gari lenye kipoza hewa. Ukingoni mwa Deira majahazi hufunga gati, na shehena zao hupangwa juu ya sakafu ya gati: magurudumu, majokofu, magunia ya mchele, masanduku ya chai. Mtu aliyekulia Malindi ya Unguja au Bandari ya Kale ya Mombasa hajioni mgeni hapo.

Kutoka gatini unapita kwanza vichochoro vya viungo, vyenye harufu ya udi, lubani na mdalasini. Mbele kidogo ndipo inapoanza njia ya Sikkat al-Khail, iliyoezekwa paa juu ili kuwakinga wapitaji na jua, na kila upande maduka yamepangana yakiuza kitu kimoja tu. Vidani vizito vya kufunika kifua kizima vimetundikwa madirishani. Dirisha moja lina pete iliyotengenezwa kwa maonyesho, yenye uzito wa zaidi ya kilo 60, ambayo hakuna kidole cha binadamu kitakachoivaa. Wauzaji wengi ni watu wa Bara Hindi, na baadhi yao wamezoea wateja wa Afrika Mashariki kiasi cha kuwakaribisha kwa Kiswahili.

Mgeni asiyejua biashara hii aangalie kwanza ubao wa bei. Bei ya siku huandikwa kwa gramu, tena kwa kila daraja la usafi: karati 24, 22, 21 na 18. Karati ni hesabu ya sehemu 24. Dhahabu ya karati 24 ni safi tupu. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na sehemu mbili za shaba, fedha au madini mengine, na juu yake hugongwa muhuri wa 916. Ya karati 21 hugongwa 875, ya karati 18 hugongwa 750, na ya karati 14 hugongwa 585. Juu ya bei ya uzito huongezwa ujira wa sonara, na ujira huo ndio unaojadiliwa, kwa sababu bei ya dhahabu yenyewe haina mapatano. Tangu mwaka 2018 kuna pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5.

Pamoja na gramu, bado unasikia katika soko hili neno ambalo bibi zetu walilijua vyema: tola. Ni kipimo cha Bara Hindi, nacho ni sawa na gramu 11.66. Kwetu pia udi na mafuta mazuri yamekuwa yakipimwa kwa tola. Kipimo hiki ndicho ufunguo wa hadithi yetu, kwa sababu kitu kilichoitajirisha hori ya Dubai katika miaka ya 1950 na 1960 hakikuwa kidani wala bangili. Kilikuwa mkuo mdogo wa dhahabu safi wenye uzito wa tola kumi, yaani gramu 116.6, unaoweza kufichika ndani ya kiganja cha mkono.

Sheria iliyozaa magendo

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Katika mwaka huo huo sheria ya kudhibiti fedha hizo iliamua kwamba hakuna dhahabu itakayoingia nchini bila ya kibali cha serikali. Tusiwe wepesi wa kulaumu. India haikuwa na machimbo makubwa ya dhahabu ya kutosheleza watu wake, na kila mkuo ulioingia ulilipiwa kwa fedha ambazo zingeweza kununua ngano, mashine au dawa. Serikali yenye watu wenye njaa ilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini fedha za taifa zizikwe chini ya sakafu za nyumba au zifungiwe ndani ya masanduku.

Lakini mwenye sanduku naye alikuwa na hoja yake. Mkulima wa kijijini hakuwa na benki karibu, na mvua zilipokosekana alijua kuwa bangili ya mkewe ingempatia chakula. Binti aliyeolewa alikuwa na mapambo yake kama ndiyo mali pekee iliyo mikononi mwake. Noti zilipungua thamani mwaka hadi mwaka. Dhahabu haikupungua uzito. Kwa hiyo haja ya dhahabu haikuondoka kwa sababu sheria imeikataza, na bei yake ndani ya Bombay ikapanda hadi karibu maradufu ya bei ya London.

Pengo hilo la bei ndilo lililojazwa na Dubai. Dhahabu ilinunuliwa London au Uswisi kwa njia ya halali, ikapakiwa ndegeni kwa njia ya halali, na ikateremshwa Dubai kwa njia ya halali, maana mtawala wa huko, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeshika madaraka mwaka 1958, aliliweka soko wazi. Katika benki za Dubai mikuo ilihesabiwa mchana kweupe. Kisha usiku ilipakiwa katika majahazi yenye injini zenye nguvu, ikiwa imepangwa ndani ya mifuko midogo iliyoshonwa juu ya fulana za turubai. Nje ya pwani ya Bombay jahazi lilikutana na mashua za wavuvi, na fulana zikabadilisha mabega. Kwa Dubai hiyo ilikuwa biashara ya kupeleka bidhaa nje. Mara mkuo ule ule ulipoingia katika maji ya India, ukawa kosa la jinai. Hakuna kilichobadilika ndani ya dhahabu. Uzito ni ule ule na muhuri ni ule ule. Kilichobadilika ni mstari usioonekana juu ya maji.

Rupia iliyotengwa

Wako wazee wetu, hasa walioishi Maskati na Dubai kabla ya mwaka 1970, wanaokumbuka kwamba fedha ya Ghuba ilikuwa rupia. Neno hilo si geni kwetu pia, kwa kuwa Unguja ilitumia rupia hadi mwaka 1936. Katika Ghuba rupia ya India ilikuwa fedha ya sokoni kote: Kuwait, Bahrain, Qatar, Dubai na Oman. Magendo ya dhahabu ndiyo yaliyoivunja desturi hiyo, na jinsi yalivyofanya hivyo ni jambo la kuzingatiwa.

Mnunuzi wa Bombay alilipa dhahabu kwa noti za rupia, na noti hizo zilisafirishwa kwa siri hadi Ghuba. Huko mfanyabiashara alizipeleka benki kama fedha yoyote ya kawaida. Benki nayo ilizirudisha India na kudai pauni za Uingereza badala yake, na Benki Kuu ya India ilikuwa haina budi kulipa. Kwa maneno mengine, India ilikataza dhahabu mlangoni ili kuokoa fedha za kigeni, na fedha hizo hizo zikatoka kupitia dirishani.

Mwaka 1959 Bunge la India likapitisha sheria ya kutoa noti maalumu kwa ajili ya Ghuba, ambazo hazikuwa na matumizi ndani ya India. Noti hizo zilichapwa kwa rangi nyingine, na nambari zake zilianza kwa herufi Z. Noti za kawaida hazikupokewa tena katika benki za Ghuba. Je, magendo yalikwisha? La. Wafanyabiashara walitafuta malipo mengine, na hasa fedha nyeupe, yaani madini ya fedha, ambayo yalitolewa India kimagendo kwenda Dubai katika majahazi yaliyokwisha teremsha dhahabu.

Kisha ukaja mwezi wa Juni 1966. India ilipunguza thamani ya rupia yake, na dola moja ya Marekani, iliyokuwa rupia 4.76, ikawa rupia 7.50. Noti za Ghuba zilifuata thamani hiyo. Mtu wa Dubai au wa Maskati aliyeweka akiba yake katika noti aliamka na kukuta zaidi ya theluthi moja ya thamani yake imetoweka, bila ya yeye kununua wala kuuza chochote. Kuwait ilikwisha jitoa mwaka 1961 na Bahrain mwaka 1965 kwa kutumia dinari zao. Qatar na Dubai wakaanzisha riyali yao mwaka huo wa 1966, na Oman ikaiacha rupia mwaka 1970. Aliyekuwa na pauni chache za dhahabu shingoni mwa mkewe hakupoteza kitu siku ile ya Juni. Wala hakuna haja ya kumwuliza kwa nini baada ya hapo aliamini zaidi dhahabu kuliko karatasi.

Bombay na sonara

Tuvuke sasa bahari. Bombay, ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai, ni mji unaofahamika kwa watu wetu wengi kwa sababu ya hospitali zake. Nami nilifika huko kwa kumsindikiza mgonjwa, na katika siku za kungojea majibu ya vipimo niliutembelea mtaa wa masonara uitwao Zaveri Bazaar. Hauko mbali na Barabara ya Mohammed Ali, yenye misikiti na migahawa ambamo Mwislamu msafiri hujipatia swala na chakula bila ya taabu.

Zaveri Bazaar haifanani na Deira. Njia ni nyembamba, nyaya za umeme zimesokotana juu ya kichwa, na wapagazi wanakupita wakikimbia. Maduka yapo chini, lakini kazi yenyewe inafanyika vyumbani ghorofani, ambako mafundi, wengi wao kutoka Bengal, hukaa sakafuni mbele ya meza fupi, kila mmoja na koleo yake, kivukuto na taa. Dhahabu haipotezwi hata chembe. Wako watu ambao riziki yao ni kufagia vumbi la vichochoro na tope la mifereji mbele ya karakana, kisha kuliosha na kuliyeyusha ili kutoa punje zilizoanguka kutoka katika nguo na viatu vya mafundi.

Niliwatazama mafundi hawa nikakumbuka nilichokisoma juu ya mwaka 1963. India ilikuwa imetoka katika vita na China mwishoni mwa mwaka 1962. Serikali iliwaomba raia waikopeshe dhahabu yao kwa kupewa hati za dhamana zenye faida, lakini walioitikia walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Ndipo mwezi wa Januari 1963 Waziri wa Fedha, Morarji Desai, alipotangaza kanuni za udhibiti. Mtu binafsi mwenye dhahabu isiyokuwa mapambo alitakiwa kuiorodhesha mbele ya serikali. Na pambo lolote jipya lisizidi karati 14.

Asiyejua kazi ya usonara anaweza kudhani kwamba tofauti ya karati 22 na karati 14 ni ya bei tu. Sivyo. Katika pambo la karati 14, sehemu kumi kati ya 24 ni shaba na madini mengine. Rangi yake si ile ya manjano iliyoiva. Ni gumu, na fundi aliyezoea kuvuta uzi mwembamba wa dhahabu na kuusuka kwa vidole anaona chuma kinamgomea. Tena mnunuzi halitaki, kwa sababu yeye hanunui pambo la kuvaa tu, ananunua akiba. Na akiba iliyochanganywa karibu nusu kwa nusu haimtoshelezi moyo.

Matokeo yalikuwa kwamba tajiri mwenye mikuo aliificha, jahazi la usiku liliendelea kuja, na sonara mnyonge akakosa kazi. Malaki ya mafundi walibaki bila ya riziki. Habari za masonara waliojiua zilijaa magazetini na kufika Bungeni. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi zilikuwa ni watu waliorithi koleo na kivukuto kutoka kwa baba na babu zao, ambao hawakuwahi kuwa na mkuo wao wenyewe hata mmoja.

Sharti la karati 14 liliondolewa mwaka 1966. Hata hivyo mwaka 1968 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Dhahabu, iliyoharamisha mtu binafsi kumiliki mikuo na sarafu za dhahabu. Mapambo yaliruhusiwa. Muuzaji alihitaji leseni na daftari la kila gramu inayoingia na kutoka, na sonara naye akawekewa kikomo cha dhahabu anayoweza kuwa nayo karakanani. Mwaka 1974 ikaongezwa sheria ya kuwaweka kizuizini watuhumiwa wa magendo bila ya kuwafikisha mahakamani. Hali ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo mlanguzi wa Bombay aliendelea kupata utajiri na umaarufu, hata filamu zikampamba kama shujaa.

Mwisho wa sheria

Mwezi wa Juni 1990 India iliifuta sheria ile. Mwaka uliofuata ulileta jambo la kustaajabisha. Fedha za kigeni zilikuwa zimekaribia kwisha kabisa, na nchi ilikuwa hatarini kushindwa kulipa madeni yake. Mwezi wa Mei 1991 serikali ilitoa tani 20 za dhahabu, zikapelekwa kwa benki moja ya Uswisi ili kupata fedha kwa masharti ya kuzinunua tena. Dhahabu hiyo ilikuwa imekamatwa kwa walanguzi katika miaka ya udhibiti. Mwezi wa Julai Benki Kuu nayo ikaweka rehani tani 46.91 nyingine kwa Benki za Uingereza na Japani, ikapata dola milioni 405. Dhahabu ambayo serikali ilikuwa imeiona kuwa mali iliyokufa ndiyo iliyosaidia kuiokoa.

Mwaka 1992 wasafiri waliokuwa wakiishi nje waliruhusiwa kurudi India na dhahabu hadi kilo 5 kwa kulipa ushuru, na mwaka 1997 benki zikaruhusiwa kuagiza na kuuza. Pengo la bei lilipopungua, faida ya magendo nayo ilipungua, na majahazi yale ya usiku hayakuwa tena na kazi ya maana.

Lakini fundisho hilo ilibidi lisomwe mara ya pili. Mwaka 2013 serikali ya India, ikiwa tena na wasiwasi wa fedha za kigeni, ilipandisha ushuru wa dhahabu kwa awamu tatu hadi asilimia 10, na ikaamuru sehemu moja katika kila tano za dhahabu iliyoingizwa itoke tena nje ikiwa imetengenezwa. Mara hii magendo hayakuja kwa jahazi. Yalikuja kwa ndege, na mikuo ikakutwa imefichwa hata katika vyoo vya ndege. Amri ile ya sehemu tano ilifutwa mwezi wa Novemba 2014. Ushuru ulifika asilimia 15 mwaka 2022, na mwezi wa Julai 2024 ukateremshwa hadi asilimia 6.

Si India peke yake

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Bara Hindi tu. Ndugu zetu walioko Marekani wajue kwamba tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia waisalimishe dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa aunsi, na mwezi wa Januari 1934, baada ya kuipokea, serikali ikapandisha bei hadi dola 35. Mapambo hayakuguswa, lakini mikuo na sarafu, isipokuwa kiasi kidogo na sarafu za nadra, zilikatazwa hadi tarehe 31 Desemba 1974. Hapa Uingereza, mwaka 1966 mkaazi hakuruhusiwa bila ya kibali kuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya nne zilizotengenezwa baada ya mwaka 1837. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1971, na udhibiti wote wa fedha za kigeni ukafutwa mwezi wa Oktoba 1979.

Tanzania nayo imepitia njia hiyo. Kwa miaka mingi dhahabu ya wachimbaji wadogo ilivuka mipaka kwa siri. Benki Kuu ilipoanza kuinunua mwaka 1990 kwa bei iliyokaribia ile ya mitaani, dhahabu ilijitokeza kwa wingi. Mwaka 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi mbili, ya asilimia 18 na ya asilimia 5, na ikafungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Dhahabu ghafi bado haitoki nchini bila ya kibali, lakini mchimbaji sasa ana mahali pa kuuzia kwa mizani ya wazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu ambalo New Delhi ilichukua miongo minne kulifikia: dhahabu hutolewa mafichoni kwa bei ya haki na kwa uaminifu wa serikali kuliko kwa polisi.

Sisi tunaobeba

Narudi kwetu sisi. Haki ya raia kuikosoa sheria si ruhusa ya kuivunja, na Mwislamu anayeishi katika nchi ya watu ameingia nao katika ahadi. Nimeyaeleza makosa ya sheria za India si kwa kumsifu mlanguzi, bali ili tuelewe kwamba chombo kile kile kilicho halali dukani Deira kinaweza kututia matatani uwanjani.

Basi anayenunua na adai risiti yenye uzito, karati na tarehe, na aihifadhi mbali na pambo lenyewe. Anayetoka Falme za Kiarabu na fedha taslimu au madini ya thamani yaliyozidi dirham 60,000 hana budi kutoa taarifa forodhani. Anayerudi Uingereza akumbuke kwamba msamaha wa vitu vilivyonunuliwa nje ni pauni 390 kwa mtu, kiasi ambacho kwa bei ya dhahabu ya leo hakifikii hata bangili moja nzito. Kilichozidi hutangazwa na kulipiwa. Mama aliyevaa dhahabu yake ya siku zote na asafiri na picha au risiti za zamani, asije akadhaniwa kuwa ameinunua njiani. Na asikubali mtu yeyote kumbebea mwenzake wa uwanjani kifurushi asichokijua, hata akiombwa kwa Kiswahili kizuri namna gani. Vijana wetu ndio wanaotafutwa kwa kazi hiyo, kwa tiketi ya bure na ahadi ndogo, kama walivyotafutwa wavuvi wa Bombay. Na anayekamatwa ni mbebaji, si mwenye mali.

Mwisho, tukiwa na mizani mkononi tusiisahau zaka. Dhahabu ya akiba ikifika gramu 85 na kutimiza mwaka, ina haki ya wengine ndani yake. Na kuhusu mapambo ya kuvaa, ambayo wanazuoni wamehitilafiana, kila familia na imwulize imamu wake.